Umeme Usio na Mwenyewe

Tangu mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ikamilike kule Rufiji, limezuka neno maofisini: kwamba habari ya kubana matumizi ya umeme ni wimbo wa zama za mgawo. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 umepita, umeme upo, tuwashe! Neno hilo linachanganya mambo mawili yasiyofanana. Bwawa linazalisha umeme; halilipi ankara.

Anayetaka kujua thamani ya uniti moja asiende semina. Aende Nyarugusu, mkoani Geita, akamwulize mchimbaji mdogo anayesaga mawe ya dhahabu kwa karasha la umeme. Mtu huyu haachi mashine izunguke tupu hata robo saa, kwa kuwa uniti zinazoteketea kwenye LUKU ni zake. Mama anayeuza vinywaji baridi pale Kambarage, Shinyanga, naye hana shahada ya uhandisi, lakini anajua jokofu lake linakula kiasi gani kwa siku, na mtoto akiliacha wazi atasikia.

Sasa tuingie katika majengo yetu ya umma. Ijumaa kazi hukoma saa 9:30 alasiri. Jumatatu milango hufunguliwa saa 1:30 asubuhi. Hapo katikati kuna saa 64. Kiyoyozi kimoja kilichosahauliwa, tukikikadiria kwa huruma kwamba kinatumia nusu uniti tu kwa saa, kitakuwa kimeteketeza uniti 32 kikipuliza viti vitupu. Kumbuka kwamba nyumba ya mtumiaji mdogo, inayouziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, hairuhusiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi mzima. Wikiendi tatu za kiyoyozi kimoja zinaupita ukomo wa familia nzima. Hesabuni wenyewe vyumba vya jengo mnalofanyia kazi.

Na nani analipa? Fedha hiyo hutoka katika matumizi mengineyo, fungu lile lile linalosubiriwa na maabara isiyo na kemikali na gari la wagonjwa lisilo na mafuta. Likipungua, deni hulimbikizwa. Mwezi Machi 2017, akiwa Mtwara, Rais John Magufuli aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, taasisi za Serikali zikiwemo, hata kama mdaiwa ni Ikulu. Lilikuwa agizo zito, na lilikuwa la haki. Lakini lilimgusa mdaiwa, halikumgusa mtumiaji. Anayebonyeza swichi alibaki vile vile: hajui anatumia nini, haulizwi, na mshahara wake haupungui.

Ubaya zaidi ni pale tunapojifanya tunabana. Nakijua chuo kimoja cha umma kilichotoa waraka kwamba ukumbi wa kujisomea uzimwe taa saa 4 usiku ili kuokoa fedha. Viyoyozi vya jengo la utawala havikutajwa hata kwa mstari mmoja. Mwanafunzi aliyepanga chumba chenye taa moja kwa watu wanne ndiye aliyegeuzwa kuwa mbadhirifu! Huko si kubana matumizi. Ni kumtwisha mnyonge mzigo wa mkubwa. Taa ya maktaba, jokofu la chanjo na chumba cha kujifungulia viwe vya mwisho kuguswa, kama ni lazima viguswe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuanze na daftari. Kwanza, kila jengo liwe na mita yake, badala ya chuo kizima au halmashauri nzima kufichwa nyuma ya ankara moja. Pili, uniti za kila mwezi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, pamoja na cheo cha mkuu wa jengo. Tatu, nusu ya fedha itakayookolewa ibaki kwa idara iliyoiokoa, inunue vitabu au vifaa. Leo idara inayookoa haipati chochote, na inayofuja haipotezi chochote. Kwa nini basi mtu ajisumbue?

Watasema mita ni gharama. Mita hununuliwa mara moja. Uzembe tunaulipia kila mwezi. Watasema tusubiri jua la Kishapu, ambako Serikali imepanga mradi wa megawati 150. Jua ni jema, lakini umeme wa jua ukiingia katika jengo lisilo na daftari utapotea kama huu wa Rufiji. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga mapaani mitambo ya jua ya kilowati 600 mnamo 2014. Hicho ni chuo binafsi, ankara ni yake, na anayelipa ankara yake huhesabu.

Wanafunzi, wanaharakati na watumishi wenzangu, swali la wiki hii ni jepesi. Mwulizeni mkuu wa jengo lenu: mwezi uliopita tumetumia uniti ngapi hapa? Akijibu, mpongezeni na mwombe aziandike ubaoni. Akishindwa, andikeni barua, mtaje jengo na tarehe, na nakala mpeleke kwa mkaguzi wa ndani.