MSHAURI ATAONDOKA, MGONJWA ATABAKI

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuijui methali ifaayo zaidi kwa jambo tunalotaka kulizungumza leo, nalo ni kazi ya wataalamu washauri wanaokodiwa kuzisaidia nchi za Afrika katika mipango ya kupima na kutibu malaria. Kwa miaka mingi wageni hao wamekuja kwetu na mikataba yao, magari yao na taarifa zao nene. Yatupasa sasa tuulize kwa moyo mweupe: je, mwenyeji amepona? Na kama amepona, atabaki mzima mgeni akiisha kwenda zake?

Swali hili halikuzuka bure. Tarehe 20 Januari, 2025, Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje kwa muda wa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika la misaada la Marekani, USAID, likakoma kuendesha kazi hiyo. Tanzania, pamoja na Angola na Uganda, ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza kuingizwa katika mpango wa malaria wa Rais wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2005. Miaka ishirini haijatimia barabara, mara washauri wengi wakaamriwa kuacha kazi siku ile ile waliyopata barua. Lakini mbu hakupata barua.

Ukubwa wa adui huyu unajulikana. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu 597,000 walikufa kwa malaria duniani, na katika kila 100 waliokufa, 95 walikuwa wa Bara letu la Afrika. Wengi wao ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Basi tunapozungumza habari za washauri na mikataba, tunazungumza habari za makaburi madogo.

Hatutaki kuwa watovu wa shukrani. Kazi ya kupima malaria si nyepesi kama wengi wanavyodhani, na ushauri wa kweli una thamani yake. Zamani kila homa iliitwa malaria na kutibiwa hivyo. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki ya Tanzania na kutangazwa mwaka 2004 ulionyesha hatari ya desturi hiyo. Wagonjwa mahututi 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria. Damu yao ilipotazamwa vizuri kwa hadubini, ni 2,062 tu walioonekana kuwa na vijidudu vyake. Hao wengine waliosalia waliugua kitu kingine! Mtoto mwenye kichomi aliyepewa dawa ya malaria peke yake alikuwa amefungiwa mlango wa kupona, na aliyeufunga ni yule aliyekusudia kumsaidia.

Mwaka 2010 Shirika la Afya la Ulimwengu likashauri kwamba kila mtu anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kipimo cha haraka kikaenea hata katika zahanati zisizo na umeme: tone moja la damu ya kidoleni, na kwa muda wa dakika kama ishirini jibu limepatikana. Hata hivyo kifaa hakimfundishi mtu. Uchunguzi mwingine wa huko huko kaskazini mashariki, uliotolewa mwaka 2007, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria walipewa dawa ya malaria vile vile. Tabibu alipima, akasoma jibu, kisha akalipuuza. Hapa ndipo mshauri mwema anapohitajika: si kuleta maboksi, bali kukaa na tabibu, kumsahihisha bila ya kumdharau, kukagua hadubini na vioo vyake, na kurudi tena baada ya miezi kutazama kama fundisho limeshika.

Na mfano wa msaada uliokomaa tunao nchini kwetu. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alifungua maabara ndogo huko Ifakara, katika bonde la Kilombero. Ilikuwa maabara ya wageni. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inaongozwa na Watanzania, na wageni wanaofika pale wengi wao huja kujifunza. Vivyo hivyo, dalili za vijidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa yetu ya mseto zilipoonekana Karagwe, mkoani Kagera, waliozithibitisha katika taarifa ya mwaka 2024 waliongozwa na wataalamu wa Taasisi yetu ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Dawa bado inaponya, lakini onyo limetolewa, na limetolewa na jicho la mwenye nyumba. Jirani zetu wa Eritrea waligundua mwaka 2016 kwamba vijidudu vingine vimepoteza ile protini inayotafutwa na kipimo cha haraka, hata wakalazimika kubadili aina ya kipimo. Mambo kama hayo hayangoji mkataba mpya utiwe sahihi. Yanataka mlinzi akaaye mlangoni daima.

Basi lawama yetu haimwendei mgeni peke yake, na pengine haimwendei yeye kwanza. Wako miongoni mwetu maofisa waliojifunza kupenda semina kuliko zahanati, na posho kuliko maarifa. Mshauri anapouliza nani atashirikiana naye, hupelekewa mtu asiye na kazi badala ya mtu mwenye akili ya kazi. Taarifa yake ikiisha kuandikwa kwa Kiingereza hufungiwa kabatini, na mwuguzi wa kijijini ambaye habari zake zimo ndani asijue kwamba alitajwa. Huo si ushirikiano. Ni kumkaribisha mgeni sebuleni na kuuficha ugonjwa chumbani.

Sisi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa ushauri umtaje Mwafrika atakayeishika kazi hiyo, na tarehe atakayoishika. Na mshauri asihesabiwe kuwa amemaliza mpaka yule mtu aweze kusimama peke yake. Pili, taarifa zote zitolewe pia kwa lugha isomwayo na watumishi wa zahanati, nazo zifike wilayani. Tatu, vipimo, dawa na mishahara ya wakaguzi wa maabara vilipwe kwanza kutoka hazina yetu wenyewe. Mwaka 2001, pale Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga sehemu 15 katika kila 100 ya bajeti kwa ajili ya afya. Wengi wao hawajaitimiza ahadi hiyo. Hakuna mshauri wa ng'ambo anayeweza kuitimiza kwa niaba yao.

Nanyi ndugu wananchi mna sehemu yenu. Mtoto akichemka usiku, msikimbilie dukani kununua dawa kwa kukisia. Mpelekeni akapimwe, na kipimo kikisema hana malaria, msimgombeze tabibu wala kumshuku. Mwulizeni mtoto anaugua nini. Si kila homa ni malaria, na si kila dawa ni tiba. Katika Tanzania Bara, watoto wadogo waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa kama 18 katika kila 100 mwaka 2008. Mwaka 2022 walikuwa 8. Faida hiyo ilichumwa kwa jasho la wenyeji na wageni pamoja. Itakuwa aibu kuu tukiiacha ipotee kwa sababu fedha za mwenzetu zimekatika.

Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Washauri wetu wamekaa nasi zaidi ya siku mbili. Anayekuja leo na apewe jembe, alime pamoja nasi shambani, mbele ya macho yetu, ili siku atakapofunga mizigo yake sisi tuwe tunaujua mpini unashikwaje.