AFYA YA NYUMBANI: Makohozi, Mlinzi wa Kifua na Mjumbe Wake



Mwezi huu twataka kusema habari ya kitu ambacho wengi huona haya kukitaja, nacho ni makohozi. Msitucheke, wala msigeuze ukurasa upesi. Asubuhi, ukungu ungali umelala mabondeni mwa Karagwe na Kyerwa, apitaye njiani kati ya migomba husikia kikohozi katika nyumba nyingi. Mmoja atasema ni baridi ya usiku. Wa pili atasema ni moshi. Wa tatu atanong'ona kwamba mwenye nyumba amerogwa. Wachache ndio waulizao neno lifaalo: Je, kifua hiki chatoa nini, na tangu lini?

Kwanza yatupasa kujua kazi ya ute huu. Njia ya pumzi, tangu puani mpaka kifuani, imetandazwa ute mwembamba wenye kunata. Ukitoka puani twauita kamasi. Ukikoholewa kutoka kifuani twauita makohozi. Sehemu yake kubwa ni maji tu, na kidogo kilichosalia ni chumvi na vitu vya kupigana na vijidudu. Vumbi la barabara, masizi ya jiko na vijidudu hunaswa humo kama nzi katika asali. Tena chini ya ute huo mna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga kama makasia, mara 10 na zaidi katika kila sekunde, vikiusukuma ute kwenda juu kooni. Hapo mtu humeza bila kujua, na ukali wa maji ya tumbo huviua vijidudu vingi. Basi hata mtu mzima asiyekohoa hufanya ute kila siku. Ute si ugonjwa. Ni fagio la kifua, tena ni mlinzi wake.

Lakini mlinzi huyu aweza kushindwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuchoshwa. Moshi wa kuni na wa tumbaku huvidhoofisha vile vinyweleo, nao ute huzidi kuwa mwingi na mzito. Fagio limevunjika, na takataka zinaongezeka. Hapo hapana budi mtu akohoe. Mama apikaye miaka mingi penye mafiga, katika jiko lisilo na dirisha, na mtoto akiwa mgongoni, huvuta moshi huo kila siku, na mtoto huvuta pamoja naye. Mtu akikohoa makohozi karibu kila siku kwa miezi 3, na mwaka wa pili vivyo hivyo, asiseme amezoea. Njia zake za pumzi zimeumia.

Njia ya pili ni kupitwa. Mlinzi huyu hulinda njiani, hafiki vyumba vya ndani. Mwisho kabisa wa matawi ya mapafu mna vifuko vidogo sana ambamo hewa huingia katika damu, na humo hamna vinyweleo vya kufagia. Vumbi lililo laini kabisa hufika huko likakaa. Neno hili liwaangalie ndugu zetu wachimbao madini ya bati huko Kyerwa: vumbi la mawe hukwaruza mapafu kwa miaka, na mapafu yenye vumbi hilo hushikwa upesi na kifua kikuu. Mwamba ulowanishwe maji kabla ya kupasuliwa, na mchimbaji afunike pua na kinywa kwa barakoa ifaayo, maana kitambaa kitupu hakizuii vumbi hilo. Mdudu wa kifua kikuu naye hupita vivyo hivyo. Huruka hewani katika matone madogo mno ya mgonjwa akohoaye, akaingia mpaka ndani. Mdudu huyo Bwana Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, aliwatangazia wataalamu habari zake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Basi haifai tena kumshitaki jirani kwa uchawi.

Tuliwahi kuketi katika nyumba moja upande wa Nkwenda. Bibi wa nyumba alikohoa, akatema majivuni, akafunika upesi kwa mguu, na mjukuu wake yu mapajani. Tulipomwuliza alijibu, "Ni moshi tu, wanangu." Alikuwa amesema hivyo kwa miezi mitatu. Nguo zake zilikuwa zimempwaya, na usiku alitoka jasho hata shuka kulowa. Hakuwa mwongo, aliona haya, akaogopa majirani wasije wakakataa kula naye. Mwishowe alikubali kwenda kupimwa, na yale aliyokuwa akiyafunika kwa mguu ndiyo yaliyosema kweli. Alimeza dawa miezi 6, akapona. Mjukuu naye alipimwa, akapewa dawa ya kumkinga. Lakini ile miezi mitatu mtoto alikuwa akipumua pumzi ya bibi yake, na haya ndiyo iliyomweka hatarini.

Ndiyo sababu twasema makohozi ni mjumbe pia. Mtu akikohoa wiki 2 au zaidi, au akiona damu, au akikonda na kupata homa za jioni, aende zahanati iliyo karibu, au hospitali kama Nyakahanga au Isingiro. Atapewa kikopo chenye kifuniko. Asukutue kinywa kwa maji, asimame nje penye hewa, avute pumzi nyingi, akohoe toka ndani ya kifua. Mate matupu hayafai. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake hutolewa bila malipo. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, hata panya buku wamefundishwa kunusa makohozi: panya mmoja hupitia vikopo 100 kwa dakika 20 hivi, na wataalamu huhakikisha alichokionyesha. Tena nchi yetu ina sifa katika kazi hii. Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, akisaidia tabibu Karel Styblo. Na desturi iliyojaribiwa hapa, ya kupima makohozi na kumwangalia mgonjwa mpaka amalize dawa, baadaye ilifuatwa na nchi nyingi za dunia.

Basi, wazazi, fungueni dirisha jikoni, pikeni kwa kuni kavu, na mtoto akae mbali na moshi. Mtoto mchanga apate chanjo ya BCG. Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi akiwa ametulia: wa miezi 2 hata 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hata 5 mara 40 au zaidi, au mbavu zikibonyea ndani, apelekwe kwa tabibu siku ile ile. Walimu, wafundisheni watoto kukohoa katika kiwiko na kutotema ovyo. Na mtoto akohoaye msimwaibishe mbele ya wenzake. Kifua kikuu hakienei kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja; hivyo mgonjwa asitengwe na chakula cha jamaa, bali apelekwe dawani.

Wazee walisema, mficha maradhi, kilio kitamfichua. Leo jioni kila mwenye nyumba awasikilize watu wake wakilala. Akisikia kikohozi cha siku nyingi, asingoje mwezi ujao.

Ni sisi, wenzenu wa ukurasa huu.