Lami mpya, tairi juu: nani analipia mchezo wa bodaboda Kasulu na Kibondo?

Kwa miaka mingi dereva wa bodaboda wa Kasulu au Kibondo amepambana na vumbi la kiangazi na utelezi wa masika. Sasa anapata lami. Barabara inayotoka Manyovu, mpakani na Burundi, ikipita Kasulu na Kibondo hadi Kabingo wilayani Kakonko, ina urefu wa kilomita 260 hivi na imekuwa ikijengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Lakini lami imekuja na mchezo wake. Jioni, hasa Jumapili, baadhi ya vijana hutafuta kipande kilichonyooka, hunyanyua tairi la mbele na kutembelea la nyuma huku wenzao wakirekodi kwa simu. Wazee wanasema ni utovu wa nidhamu. Askari wa usalama barabarani wanasema ni hatari, na sheria ya mwaka 1973 inakataza uendeshaji wa hatari. Hayo yote ni kweli. Ila kuna jambo lisilosemwa sana, msikilizaji wetu: hata asipoanguka mtu, kuna kitu kimeumia. Leo tukitazame.

Kwenye video wanafanyaje?

Pikipiki kubwa ya mbio ya cc 1000 ina nguvu za farasi zinazokaribia 200. Ukivuta mafuta kwa nguvu kwenye gia ndogo, tairi la mbele linapanda lenyewe. Bodaboda ya cc 125 au 150 ina nguvu za farasi kama 10 hadi 13 tu. Kwa hiyo kijana analazimika kubana klachi, kuvuta mafuta mpaka injini ingurume, kisha kuachia klachi ghafla huku akivuta usukani. Tairi likishapanda, breki ya mbele haina kazi. Kinachoweza kulirudisha chini ni kupunguza mafuta na kugusa breki ya nyuma. Mguu ukichelewa kidogo, anaanguka kinyumenyume.

Wanaofanya kazi hii kwa kulipwa hufunga sproketi kubwa ya nyuma, huweka vyuma vya kulinda injini, huvaa mavazi kamili na huchezea eneo lililofungwa. Spea kwao ni gharama ya kazi, kama mbegu kwa mkulima.

Mwaka 1991 Mjapani Yasuyuki Kudo alitembelea tairi la nyuma kilomita 331 bila kusimama. Ila alikuwa kwenye uwanja wa majaribio ya magari, na pikipiki yake ilikuwa Honda TLM220R, nyepesi, ya injini ya mipigo miwili. Injini hiyo hulainishwa na oili inayopita pamoja na petroli, kama msumeno wa injini wa wapasua mbao. Bodaboda zetu ni za mipigo minne. Oili yake, kama lita moja tu, inakaa chini ya injini na kusukumwa na pampu.

Kinachoumia ndani

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Pikipiki ikisimama kwa tairi la nyuma, oili hukimbilia nyuma. Kama ilikuwa pungufu, na kwa pikipiki nyingi za kazi huwa pungufu, pampu inaweza kuvuta hewa. Vyuma vinasagana vikavu wakati injini inazunguka kwa kasi kubwa.

Klachi nayo hupata moto kila inapoachiwa ghafla, na sahani zake huisha mapema. Mshtuko huohuo hurefusha cheni, hula meno ya sproketi na kuponda raba zilizo ndani ya habu ya nyuma.

Halafu kuna kutua. Uzito wote wa mbele unashuka kwa kishindo. Sili za shokapu huanza kuvujisha oili, beringi za usukani hupata mashimo, spoku hulegea na rimu hupinda.

Bili inamfikia nani?

Vijana wengi wanaendesha kwa mkataba: unapeleka hesabu kila siku, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yako. Kwa kawaida matengenezo ya kipindi hicho ni juu ya dereva. Tuchukue mfano wa hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku. Pikipiki ikilala kwa fundi siku 5 ikisubiri spea, deni ni shilingi 40,000 kabla hujanunua hata boliti. Na bima ndogo hulipa madhara ya mtu mwingine, haitengenezi pikipiki yako.

Anayefuata kulipa ni abiria. Klachi iliyoungua Jumapili haidai siku hiyo. Inadai katikati ya wiki, kwenye mlima wa Heru Juu au njia ya Mabamba, usiku, mjamzito akiwa amekaa nyuma.

Mlimani tairi hunyanyuka lenyewe

Kwenye milima yetu kuna ujuzi ambao kila dereva anauhitaji, nao ni wa kulizuia tairi lisipande. Gunia la maharage likifungwa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, mbele panakuwa pepesi, na kwenye mwinuko tairi hupanda bila kutaka. Sogeza mzigo mbele kadiri inavyowezekana. Inamisha kifua kuelekea usukani. Ingia gia ndogo kabla ya mlima kuanza, vuta mafuta polepole, achia klachi taratibu. Tairi likianza kupanda, punguza mafuta na gusa breki ya nyuma.

Mwenye pikipiki, kagua mwenyewe

Usisubiri kusimuliwa. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la mbele likiwa hewani, kisha geuza usukani pole pole: ukinasa katikati, beringi zimekwisha. Futa shokapu kwa kitambaa, endesha kidogo, uangalie kama kuna oili mpya. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa: ikiachana na meno, imechoka. Injini ikinguruma mlimani na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Na kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, pima oili.

Dalili hizi zikijitokeza zote kwenye pikipiki ambayo bado ni mpya, kaa chini na dereva wako mzungumze kabla mlima haujazungumza naye.