Tusingoje mpaka mlango ufunguliwe

Sisi vijana wenye diploma na bila kazi tunaijua hii hadithi. Tangazo la msaada wa serikali linabandikwa ijumaa, jumatatu wanafunga. Tunakimbilia RCCM, Id. Nat., namba ya kodi: siku zimekwisha. Lakini kuna wenye walifika na dosye kamili siku ya kwanza. Walijuaje?

Tusiseme kila mara ni ndugu ya mukubwa. Feza ya serikali haianguki toka mbinguni. Inapita kwanza kwenye bajeti yenye bunge linapigia kura, ama kwenye mkataba na wafadhili. Tuangalie PADMPME: Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 100 mwaka 2018. Karatasi za mradi zilitaja Kinshasa, Matadi, Lubumbashi na Goma, pamoja na shindano la mipango ya biashara, mbele vijana waitwe kujiandikisha. Zilikuwa kwenye intaneti. Nani kati yetu alizisoma?

Basi tuanze kusoma. Tugawane kazi: mmoja afuate bajeti, mwingine miradi.

Lakini serikali nayo ifanye yake. Karatasi zinalipiwa; mwenye hana feza anahitaji miezi, si siku tatu. Tunadai kalenda ya misaada ya mwaka mzima, ibandikwe kwenye kila komini, kwa Kiswahili pia.

Feza ni ya wote. Habari nayo iwe ya wote.