Ile jiwe ni zahabu kweli?

Wazazi na vijana, mutu akileta hapa Kindu jiwe linalongaa, akisema limetoka Namoya ao Kampene, musikimbilie kutoa feza ya masomo ya watoto. Toeni punje moja, muipige nyundo pole pole. Zahabu ni laini: inalala bapa, haivunjiki. Piriti, chuma iliyochanganyika na salfa, inapasuka-pasuka na kuwa unga. Sugueni tena nyuma ya kigae cheupe: zahabu inaacha alama ya manjano, piriti nyeusi-kijani. Mika, ile ya magamba membamba, inachukuliwa na maji ya karai. Zahabu, yenye uzito mara 19 ya maji, inabaki chini. Muuzaji akikataa nyundo (wengine wanakasirika sana!), mama, funga feza yako tena ndani ya kitenge.