Mashine ya Safari Hupimwa Mbali na Waya



Mwezi uliopita baba mmoja wa Kolwezi alitujia na karatasi mkononi. Binti yake mkubwa amemaliza sekondari, naye ataanza masomo ya juu huko Lubumbashi. Yampasa kuwa na ordinateri ya kubeba, ile ambayo wengine huiita kompyuta ya mkononi, kwa ajili ya kuandika kazi zake, kusoma vitabu, kupeleka barua na kuonana na wazazi wake kwa mbali. Baba huyu ameweka akiba miezi 14, hata amefikisha dola 250. Akatuambia: «Mwalimu, fedha hii haitapatikana mara ya pili. Nikikosea, mtoto atasoma mikono mitupu. Ninunue ipi?»

Katika karatasi yake aliandika mashine mbili. Ya kwanza ni mpya, nyembamba, yang'aa kama kioo, nayo yauzwa dola 250 kamili. Ya pili imetumika huko Ubelgiji katika ofisi fulani. Kifuniko chake kina mikwaruzo, na bei yake ni dola 220. Binti apenda ya kwanza. Sisi hatumlaumu, kwa maana kila kijana apenda kitu kipya. Lakini tulimwomba baba akae, tukazisoma hesabu pamoja naye. Hesabu hizo twaziandika hapa, kwa kuwa jamaa nyingi zina swali lilo hilo.

Jambo la kwanza ni kujua kazi yenyewe. Mwanafunzi wa namna hii hachori majengo wala hatengenezi sinema. Kwa kuandika, kusoma na kufungua intaneti, haimpasi kulipia nguvu nyingi. Yamfaa mashine isiyo nzito, yenye kioo cha inchi 14 hivi, na uzito wa kilo moja na nusu au kupita kidogo. Kutoka Kolwezi hata Lubumbashi ni kilometa 300 hivi, kwa kupitia Fungurume na Likasi; basi hujaa watu, na mzigo wa thamani hukaa magotini. Kila gramu itajulikana.

Jambo la pili ni kumbukumbu na ghala. Kumbukumbu, yaani RAM, ni kama meza ya kufanyia kazi. Ghala ni kama kabati la kuwekea vitu. Ile mashine mpya ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na ghala la gigabaiti 64 la namna iitwayo eMMC, na vyote viwili vimeunganishwa moja kwa moja na ubao wa ndani, hata fundi hawezi kuviongeza. Windows 11 yataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na ghala lisilopungua gigabaiti 64. Basi mashine ile imefika kizingitini tu. Masahihisho ya Windows yakija, kabati litajaa, na binti atafuta vitabu vyake ili apate nafasi. Ile ya zamani ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256, nayo diski hiyo yaweza kubadilishwa. Twawashauri jamaa wote: gigabaiti 8 na SSD. Mkikuta diski ya zamani yenye sahani izungukayo, jueni kwamba huenda polepole, tena huumia upesi kwa mitikiso ya barabara.

Jambo la tatu ni umri wa ubongo wa mashine. Wengi hawaulizi, nao hujuta baadaye. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masahihisho yake ya kawaida ya bure. Windows 11 nayo haizipokei mashine zote. Kwa zile zenye ubongo wa Intel Core, kwa jumla huanza na kizazi cha nane. Utajuaje? Tazama namba iliyo baada ya kistari. Penye i5-8250U, hiyo 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane. Penye i5-6300U, ni cha sita, yaani cha zamani mno. Penye i5-1135G7, ni cha kumi na moja. Mashine ya baba yetu ilikuwa i5-8250U. Imo mlangoni, lakini imo. Na mwenye mashine ya kizazi cha sita asiitupe. Yaweza kuwekewa Linux, pamoja na LibreOffice ya kuandikia, na vyote viwili havilipiwi hata franka moja.

Sasa tumefika kwenye betri, na hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulinunua mashine iliyotumika kwa mfanyabiashara mmoja. Juu ya meza yake ilifanya kazi vizuri sana, na alama ya betri ilionyesha 100 kwa 100. Tukalipa, tukashukuru. Siku ya tatu tulipanda basi, tukafungua mashine ili kumaliza kujumlisha maksi za wanafunzi, kwa kuwa mkutano wa waalimu ulikuwa jioni ile. Baada ya dakika 12 kioo kilizimika. Tulifika mkutanoni bila maksi, tukazijumlisha upya kwa kalamu, na wenzetu wakitungoja. Mfanyabiashara hakutudanganya kwa neno hata moja. Ni sisi tulioipima mashine ya safari ikiwa imefungwa kwenye waya.

Kwa hiyo, mnunuzi achomoe waya. Aifanyishe mashine kazi nusu saa, aandike, afungue picha, atazame hesabu ya betri inavyoshuka. Tena, katika Windows kuna amri iandikwayo powercfg /batteryreport. Nayo hutoa ukurasa wenye namba mbili: nguvu ya betri ilipotoka kiwandani, na nguvu iwezayo kujaa leo. Betri ya Wh 50, kwa kazi nyepesi itumiayo wati 10 hivi, itatoa saa 5. Ikiwa imebaki na nusu tu ya nguvu yake, itatoa saa mbili na nusu. Ikiwa imepungua kupita hapo, bei nayo ipungue, hata itoshe kununua betri nyingine.

Tutazame na chaja. Iwe na maandishi 100–240 V, kwa kuwa kwetu umeme ni 220 V. Ni afadhali mashine ijazwe kwa tundu la USB-C, kwani chaja ya namna hiyo ikipotea safarini, hupatikana nyingine kwa wepesi zaidi. Umoja wa Ulaya umeamuru kwa sheria ya mwaka 2022 kwamba kompyuta za mkononi mpya zitumie tundu hilo kuanzia 28 Aprili 2026. Mwisho, mtazame kibodi. Mashine nyingi zitokazo Ubelgiji zina AZERTY, ambayo wanafunzi wetu wa Kifaransa wameizoea. Zitokazo Dubai mara nyingi zina QWERTY. Si kosa kuzitumia, ila mtu ajue anachonunua.

Baba yetu aliandika maswali haya yote, akarudi dukani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji alinung'unika kidogo, kisha akakubali waya uchomolewe. Ukurasa ulionyesha kwamba betri ya ile ya zamani imebaki na sehemu 6 katika 10. Wakasemezana, bei ikashuka hata dola 200. Dola 50 zilizobaki zilinunua mfuko wenye sponji na kifaa kidogo cha kuhifadhi nakala za masomo. Nyingine zimewekwa, zingoje siku ya betri mpya.

Binti alisikitika siku moja kwa ajili ya mikwaruzo. Kisha aliandika barua yake ya kwanza kwa mashine ile, ndani ya basi, akaipeleka kwa baba yake kabla ya kufika Likasi.

Neno moja tena. Betri za mashine hizi kwa kawaida zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Watu wa Kolwezi wajua jasho lililomo. Basi tuzitunze. Zima mashine kabla ya kuitia mfukoni, isije ikapata joto. Betri ikivimba, usiitumie tena, usiitoboe, wala usiitupe motoni; mpelekee fundi. Na wewe uliye na akiba yako mkononi, usione haya kukaa nusu saa dukani ukiipima mashine. Atakayekucheka hatakulipia nyingine.