Hesabu za AVEC zisilale kwenye kumbukumbu ya simu

Bukavu, Kivu Kusini. Katika vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo hapa kila mtu anaviita AVEC, kazi inasikika kabla haijaonekana. Ni mlio wa muhuri. Mwanachama analeta pesa, anasema ananunua hisa ngapi, kuanzia 1 hadi 5, na mama sekretere anapiga muhuri kwenye kitabu chake, pigo moja kwa kila hisa, mbele ya watu wote. Kitabu kinarudi, mwenyewe anakitazama, anakwenda kukaa. Hakuna sekretere anayesema: "Nenda tu, nitakuandika jioni."

Siku hizi muhuri unaanza kunyamaza. Vikundi kadhaa vimehamia kwenye programu ya simu au ya kompyuta, mara nyingi kazi ya kijana wa mtaani aliyesoma informatiki. Ni hatua nzuri. Kugawana faida mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 au 12, kulikuwa kunakula siku nzima na kunaacha watu wamenuniana. Lakini baadhi ya programu hizo zinafanya kile ambacho sekretere hakuthubutu kufanya: zinashika hesabu zote za mkutano katika kumbukumbu ya simu, halafu zinaandika faili mara moja tu, pale mtu anapobonyeza "hifadhi" mwishoni.

Kikundi kimoja cha wamama wauzaji huko Kadutu kilijifunza tofauti hiyo kwa uchungu. Wanachama ni 22, hisa moja ni faranga 1.000, na vitabu vya muhuri vilikuwa vimewekwa kando tangu miezi miwili. Watu 17 walikuwa wamekwisha kulipa wakati mama sekretere alipopigiwa simu ya nyumbani. Aliongea kidogo, akafungua na ukurasa wa pesa za simu ili ahakikishe malipo ya mwanachama aliyekuwa safarini. Aliporudi kwenye programu, ilijifungua upya. Orodha ya siku hiyo ilikuwa tupu.

Pesa zilikuwepo sandukuni. Kilichokosekana ni nani alileta nini. Kila mtu akaulizwa, kila mtu akataja hisa zake, jumla ikafika 61. Sandukuni mlikuwa na faranga 54.000. Hakuna aliyesema programu imekosea. Walisema mama sekretere amekula, na yeye akalipa zile 7.000 kutoka mfukoni mwake ili mkutano uishe. Faranga 7.000 si mali nyingi. Jina la mtu anayeshika hesabu za wenzake, hilo ndilo lililolipwa siku hiyo, na bado halijarudishwa lote.

Simu haikuharibika. Ilifanya kazi yake. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile ya RAM, ni ya haraka lakini ni ya kupita. Katika simu za Android, nafasi ikipungua, mfumo unafunga programu zisizo mbele ya macho ili kuipa nafasi ile inayotumika. Kwenye simu ya bei ndogo, hilo linatokea kila siku. Kwenye kompyuta ya mezani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu umeme ukikatika, na Bukavu unakatika bila kupiga hodi, kila kilichokuwa katika kumbukumbu hiyo kinakwenda nao. Kilichoandikwa kwenye faili kinabaki. Anayetengeneza programu anajua haya tangu mwaka wake wa kwanza wa masomo, kwa hiyo kosa ni lake, si la mama aliyepokea simu ya mtoto wake.

Vijana wanaotengeneza programu hizi wana jibu lao. Wanasema kuandika faili kila mara kunachelewesha na kunakula betri. Kwa kazi nyingine wana haki. Programu inayotoa mistari milioni moja, ikisubiri kila mstari ufike salama kabla ya kuandika unaofuata, itatambaa kama lori lililobeba saruji kwenye matope. Hapo ni lazima kukusanya kwanza na kuandika kwa mafungu. Lakini mkutano wa AVEC una watu 22. Hata kila mmoja akinunua hisa 5 na kila hisa ikaandikwa mstari wake, ni mistari 110. Mstari mmoja hauvuki herufi 100. Yote pamoja haifiki hata sehemu ndogo ya picha moja inayotumwa kwa WhatsApp. Kusema simu inalemewa na hiyo ni kujitetea tu.

Kipimo cha kufaa kipo, na si kigumu. Kile ambacho programu inaweza kukihesabu tena, kama jumla, faida ya kila hisa, au mpangilio wa majina, kinaweza kukaa katika kumbukumbu bila hofu. Kikipotea, kinahesabiwa upya. Neno la mwanachama aliyesimama na pesa mkononi halihesabiki upya. Hilo liende kwenye faili palepale, kabla ya kumwita mwingine.

Na faili nayo ina mitego yake. Kuna programu inayofungua faili ya zamani, inaifuta, halafu inaanza kuandika yote upya. Umeme ukikatika katikati, umepoteza ya leo na ya miezi yote iliyopita. Afadhali kuongeza mstari mwishoni, au kuandika faili mpya hadi mwisho na ndipo kuipa jina la ile ya zamani. Tena kuna jambo ambalo hata wenye diploma wanalisahau: programu ikisema "andika", mfumo wa kompyuta unaweza kujibu "tayari" huku maneno bado yako katika kumbukumbu yake, yakingoja zamu ya kufika kwenye diski. Ni lazima kuuambia uyasukume mpaka mwisho.

Anayeona hayo ni mengi ana njia fupi. SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ni ya bure, inaweka data zote katika faili moja, na tayari imo ndani ya kila simu ya Android. Inashika daftari lake la mabadiliko: kazi ikikatika katikati, faili ikifunguliwa tena inarudi ilivyokuwa kabla ya kazi hiyo kuanza. Kijana wa Kadutu hana haja ya kubuni upya kilichokwisha kutengenezwa vizuri.

Wala asidhani hili ni tatizo la maskini. Mwaka 2020 Uingereza iliacha nje ya hesabu wagonjwa 15.841 wa Covid-19 kwa sababu matokeo ya maabara yaliingizwa katika aina ya zamani ya faili ya Excel, ambayo haipokei zaidi ya mistari 65.536. Iliyozidi haikuingia, na programu haikupiga kelele.

Kikundi kisilipe programu kwa sababu ina rangi nzuri. Kabla ya kutoa dola hata moja, wamwambie mtengenezaji aingize majina matatu na hisa zake, halafu simu izimwe kwa nguvu, bila kubonyeza chochote. Iwashwe. Majina matatu yasipokuwepo, arudi nayo nyumbani. Na vitabu vya muhuri viendelee sambamba na programu kwa mzunguko mmoja mzima, hata kama vijana watacheka.

Kuna pia suala la faili kukaa mahali pamoja. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Inashangaza kwamba watu hao hao wanakubali hesabu zote zikae katika simu moja, katika mji ambao simu zinaibiwa na nyumba za Kadutu zinaungua. Nakala iende kwa mtu wa pili na wa tatu baada ya kila mkutano. Si kwenye kundi la WhatsApp, maana deni la mtu si tangazo.

Wamama wale wa Kadutu wamerudia muhuri, na wamerudia pia desturi ya kufungua mkutano kwa kutaja kwa kichwa pesa zilizobaki sandukuni wiki iliyopita. Kijana wao ameahidi kuleta programu iliyorekebishwa. Mama sekretere amekubali kuijaribu, kwa sharti moja: yeye mwenyewe ndiye atakayeizima simu katikati ya mkutano, wakati atakaouchagua yeye.